Masika ya Lori Lililochelewa

3 Machi 1975
Mvua imeanza tangu alfajiri, na barabara ya kwenda karakanani imeshakuwa tope. Mzee Ernesti ananiambia kila mwaka kwamba fundi wa mashine aandike kazi zake, maana mkono husahau upesi kuliko kichwa. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kukata mkonge akaniweka kwenye lezi, mashine ya kuchongea chuma, kwa hiyo namsikiliza, ingawa nimechelewa. Mke wangu Hajira kaninunulia daftari. Kazi ya leo: shafti za mashine ya kusaga mkonge. Basi.

4 Machi
Mvua. Shafti zile zile.

10 Machi
Leo trekta limelivuta hadi kwetu lori la tarafa kutoka upande wa Handeni. Injini imekufa. Ni zile injini zisizotumia maji, zinazopozwa kwa upepo: kila silinda imesimama peke yake na mapezi yake kama samaki, na feni kubwa ubavuni. Katika karakana yetu hatujawahi kufungua ya namna hii, na karakana nyingine yenye mashine ya kuiweza iko Tanga, nako wamejaa kazi.

Dereva anaitwa Sadala. Ni mtu mwembamba, mpole, wa rika langu. Alikaa pembeni akitutazama tukiishusha kwa mnyororo, akawa anatusaidia bila kuombwa. Alisema lori hili ndilo pekee linalopita kwenye tope la kule ndani masika ikikaza. Akaongeza kuwa kuna watu wanalingoja. Nilikuwa nimeshika mnyororo kwa mikono miwili, nikaitikia tu.

12 Machi
Tumeifungua. Beringi moja ilizunguka kwenye kiti chake ikakila chuma. Matundu ya kasha yanayokaliwa na krenki, mhimili mkuu wa injini, hayakuwa duara tena, yamevutika kama yai. Na pale silinda zinaposimama juu ya kasha, chuma kimepondeka, kila mahali kwa kiasi chake.

Mzee Ernesti alilizunguka kasha, miwani imeshuka puani. Kisha akanieleza. Tunakwangua nyuso za vifuniko ili matundu yabanwe, tunafunga vifuniko kwa nguvu ile ile ya mwanzo, halafu tunapitisha mtaimbo mmoja wenye kisu toka tundu la kwanza hadi la mwisho, ili yote yarudi duara na yatazamane kwenye mstari mmoja. Baadaye tunasawazisha viti vya silinda, vyote kwa kiasi kimoja. Akasema kasha likipinda hapa, injini itakufa tena kabla ya kufika Segera.

Nilifurahi. Kazi ya namna hii haiji mara mbili.

15 Machi
Nimefika nyumbani Masuguru nikamkuta mama. Kaja kwa basi kutoka Kwedigole, kalowa, kabeba kuku na kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikajua kuna jambo.

Wanahamishwa. Jirani zao wa bonde la pili walishapakiwa mwezi uliopita, wakapelekwa kwenye kijiji kipya kinachoitwa Mapambano, porini kabisa, huko barabara ya lami isikofika. Zamu ya Kwedigole inafuata. Mama hapingi kuhama. Alisema hata yeye alipiga makofi mkutanoni, maana shule na maji ya bomba nani asiyeyataka. Lakini mahindi yamechipua. Mwaka jana jua lilichoma kila kitu, mbegu aliipata kwa kuomba, na sasa mvua ni nzuri. Wakimwondoa leo, ngedere na nguruwe pori ndio watakaovuna.

Kisha akaniambia kilichomleta. Kasikia lori la kuwahamisha liko kwetu.

"Sisemi uliharibu, mwanangu," alisema. "Lichelewe tu. Mpaka mahindi yakomae."

Hajira alikuwa anachochea kuni.

16 Machi
Nimempeleka mama stendi. Sikumwahidi kitu, lakini alipanda basi kama mtu aliyeahidiwa.

20 Machi
Leo nilisema jiwe la kunolea halifai, nikalitengeneza tangu asubuhi. Lilikuwa linafaa.

25 Machi
Sadala kaja. Katuletea Mzee Ernesti na mimi machungwa. Alinisalimu, akalishika kasha kwa kiganja kama mtu anavyomshika ng'ombe mgonjwa, akauliza linaendeleaje. Nikamwambia vifuniko vinahitaji uangalifu. Akasema fundi, chukua muda wako, mradi litoke zima. Aliposema hivyo nilitamani anigombeze.

30 Machi
Pasaka. Mzee Ernesti kapanda kwao Dindira, kazi imesimama, na mara hii si kwa sababu yangu. Nimelala mchana kutwa huku mvua ikigonga bati. Usingizi mzuri.

4 Aprili
Mzee karudi na chai ya mlimani kwenye mfuko. Tumefunga mtaimbo. Kaupima mara nyingi, asubuhi na tena jioni chuma kilipopoa. Anasema tutachonga wiki ijayo, na ndani ya siku chache baada ya hapo lori litaondoka.

Kwedigole mahindi yanafika magotini.

9 Aprili
Naandika haya nikiwa nimekaa uani, na mkono hautaki.

Asubuhi tulichonga. Mzee Ernesti alikiweka kisu mwenyewe kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, akakikaza. Tundu la kwanza likatoka zuri, chuma kikang'aa pande zote. La pili vile vile. Saa sita akaenda kula, akaniambia niendelee na la katikati, kisu nisikiguse.

Nilibaki peke yangu. Mashine ilikuwa inazunguka taratibu. Nikamfikiria mama akiwa juu ya lori na vyombo vyake, mahindi yakibaki nyuma. Nikazima mashine. Nikalegeza skrubu, nikakisogeza kisu nje kidogo, unene wa ukucha tu, nikakaza tena. Nikawasha. Chuma kilianza kutoka kinene, kikijikunja, na sauti ikawa nzito. Nilisimama nikitazama mpaka kikapita upande wa pili. Kisha nikakirudisha kisu pale alipokiweka mzee.

Aliporudi akapima. Akapima tena. Akatoa miwani akaifuta kwa shati, akapima mara ya tatu. Tundu lilikuwa kubwa. Beringi ingecheza ndani yake kama kokwa kwenye kopo.

Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Alikaa kwenye sanduku la vyuma akasema polepole, "Mhina, nimesoma vibaya. Macho yangu yamekwisha."

Nikasema labda kisu kililegea. Akatikisa kichwa. Alikuwa kakikaza yeye mwenyewe, anakumbuka.

Mchana alikwenda ofisini akamweleza meneja kuwa kosa ni lake. Sikumzuia.

10 Aprili
Beringi kubwa ya kufaa tundu lile haipo nchini. Imeagizwa. Wanasema Juni, labda Julai.

Nilichokitaka nimekipata.

13 Aprili
Hajira kaniuliza kwa nini sili.

18 Aprili
Ijumaa. Nilitoka msikitini nikamkuta Sadala amesimama nje ya karakana, hana mwavuli, mvua inamnyeshea. Nilidhani kaja kuuliza habari ya lori. Alikuja kutafuta usafiri wa kurudi, kasimama kungoja gari tu.

Kamzika binti yake juzi. Jina lake Tatu, mdogo, ndio kwanza alikuwa anaanza kusema maneno yakaeleweka.

Nilimkalisha, nikampa chai. Akanieleza kwa sauti ile ile ya chini. Mkewe, Swaumu, na wanawe ni watu wa lile bonde la pili lililohamishwa mwezi wa Februari. Wako Mapambano. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka, kwa lori hili hili. Walishushwa porini, wakapewa shoka na majembe, wakaambiwa chakula kitafuata mpaka wavune. Na kilifuata, mahindi ya njano ya msaada, kila wiki, naye ndiye aliyekuwa akiyaleta. Lori lilipokufa, mahindi yakabaki ghalani Korogwe. Magari mengine yalijaribu, yakazama kwenye tope la mto yakarudi. Watu wakala mizizi na majani. Tatu akapata kuhara. Kwa mtoto aliyeshiba kuhara ni kuhara tu.

"Silaumu mtu," alisema. "Chuma kikichakaa kimechakaa. Lakini fundi, wako wengine watoto kule."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilimpa mkono wa pole kwa mkono huu huu.

Kuna watu wanalingoja. Aliniambia siku ya kwanza kabisa. Ningeweza kuuliza ni akina nani. Ningemaliza swali lote kabla mnyororo haujashuka. Sikuuliza, na baadaye, mama alipokuja, nilijiona najua tayari ni watu gani: ni wale wanaokuja kuwaondoa wengine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikaona inatosha.

19 Aprili
Nimemwambia Mzee Ernesti tusingoje beringi ya kuagiza. Tutengeneze bushi yetu, pete ya chuma ya nusu mbili, tuivishe kwenye tundu lile, tuifunge kwa pini isizunguke, halafu tuchonge upya kwa kipimo. Alisema nalo ni wazo, lakini tafuta mtu mwingine wa kupima. Yeye hashiki mikromita tena.

Nikamsihi. Nikamwambia macho yake hayana kitu. Akanitazama kwa huruma, akidhani nambembeleza.

20 Aprili
Jumapili. Nimefanya kazi. Chuma nimekipata kwenye rola kuukuu ya mashine ya mkonge, kizuri, kigumu.

21 Aprili
Nusu ya kwanza imepasuka wakati wa kuitoboa tundu la pini. Nimeanza nyingine.

24 Aprili
Bushi imekaa. Nimeigonga kwa nyundo ya mbao ikalia sauti moja na kasha. Mvua haikatiki. Wanasema daraja la miti la kwenda Mapambano maji yamelifunika.

28 Aprili
Tumefunga mtaimbo tena. Mzee Ernesti alisimama mbali, mikono nyuma. Kisu nilikiweka mimi. Nilipomwomba ahakikishe, alikuja kwa kusitasita, akasoma, akaniambia namba. Ilikuwa sawa kabisa na niliyoisoma mimi. Nikamwambia, unaona? Akasema, "Umesema hivyo ili nifurahi."

Tumechonga. Matundu yote duara, yote kwenye mstari. Krenki imewekwa, inazunguka kwa kidole kimoja.

Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya, na sitaki mtu anisifu.

2 Mei
Viti vya silinda vimekwanguliwa, vyote kiasi kimoja. Silinda zimesimama.

5 Mei
Imewaka. Meneja alikuja kusikiliza, na Sadala alikuwepo. Injini za upepo zina kelele, lakini hii ililia sawasawa, haina kikohozi. Sadala aliweka kiganja kwenye kasha, akakiacha pale mpaka likaanza kupata moto. Kisha akanishika mkono, akasema Mungu akulipe.

Mchana huo huo amepakia mahindi, akaondoka. Niliomba ruhusa nikaenda naye.

7 Mei
Nimerudi. Niandike nilichokiona.

Tulizama mara mbili kabla ya mto, tukajikwamua kwa matawi na majembe. Injini haikushtuka. Mapambano ni mstari wa vibanda vya miti, vingine havijakandikwa udongo bado, na visiki katikati ya njia. Watu walisikia lori kutoka mbali wakaja kutulaki, lakini hawakukimbia. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Watoto walikuja kwa kutembea.

Walipanga mstari bila kusukumana. Mzee mmoja alinishukuru mimi, kwa kuwa Sadala aliwatangazia kuwa huyu ndiye fundi aliyelifufua lori. Wakanishika mikono, mmoja baada ya mwingine. Kuna mama alitaka kunipa kanga yake, nikakataa, akadhani nimeiona kuukuu.

Swaumu hakutoka. Sadala alinipeleka. Alikuwa kakaa mlangoni anachambua mboga za porini, msichana mdogo kwa umri, uso wa mtu mzima. Nikatoa pole. Akasema tumeshapoa. Aliniuliza kama nimekula.

Makaburi mapya niliyaona njiani wakati wa kuondoka. Sikuyahesabu. Nilitazama upande wa pili mpaka tukayapita.

16 Mei
Mvua imepungua.

31 Mei
Leo Mzee Ernesti kaacha kazi. Meneja alimwomba abaki hata kama msimamizi tu, akakataa. Alisema fundi asiyeona ni hatari kwa wenzake. Alinigawia vyombo vyake. Mikromita kaifunga kwenye kitambaa akaniwekea mkononi, akasema mimi ndiye mwanawe wa kazi.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Watu walikuwa wamesimama wanampigia makofi. Nami nikapiga.

8 Juni
Jumapili. Sikuweza tena. Nimepanda Dindira.

Nilimkuta shambani kwake kwenye mteremko, anapalilia maharage na mkewe, Mama Yuditha. Tulikaa kwenye jiwe. Nikamwambia yote, kuanzia kuja kwa mama hadi skrubu.

Hakunikatiza. Aliniuliza kwanza swali la kifundi: nilikisogeza kisu kiasi gani, na nilikirudishaje pale pale bila kuacha alama. Nikamweleza. Akatingisha kichwa kama mtu anayekagua kazi. Akatoa miwani, akatazama bondeni kule Korogwe inakoonekana, akaivaa tena.

"Kumbe niliona sawasawa," alisema.

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo. Alisema yeye ni mzee, ana shamba, ana mke, macho yake amerudishiwa, yake yatapita. Hata kunisamehe atanisamehe, labda si leo. Lakini mimi nimekosea mlango.

"Nenda kwa mwenye msiba," akaniambia. "Usirudi hapa kabla hujaenda."

Mama Yuditha alitaka nile kwanza. Mzee akamwambia aniache niwahi kuteremka.

9 Juni
Sikwenda.

15 Juni
Sikwenda.

19 Juni
Mama kaleta habari kwa mtu wa basi: kavuna. Magunia yamejaa kuliko miaka yote tangu baba afe. Sasa wako tayari kuhama. Lori litakuja wiki hii, na wanapelekwa Mapambano.

29 Juni
Nilichukua likizo kwenda kumsaidia mama kujenga. Leo ndio nimerudi.

Sadala ndiye aliyewahamisha. Alimpakia mama mbele, pembeni yake, magunia nyuma, na njiani wakazungumza. Kibanda alichopewa mama kinatazamana na cha Swaumu. Nilipofika nilikuta wameshazoeana. Siku ya kwanza tu mama alifungua gunia akampimia unga, na tangu hapo wanapika chungu kimoja. Swaumu anamwita mama. Mama yake mwenyewe alikufa zamani, na mama yangu hakuwahi kupata binti.

Jioni ya siku ya pili, tukikandika ukuta, mama aliniambia Swaumu kamsimulia juu ya Tatu. Juu ya lori ambalo halikuja. Alikuwa anapaka udongo huku anasema, hakunigeukia.

"Niliomba mahindi yakomae, mwanangu. Sikuuliza muda huo utautoa kwa nani."

Nikasema kosa ni langu. Akasema ni letu wawili, na yeye ndiye aliyepanda basi kuja kulitafuta. Mikono yetu ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

Kesho yake nilimfuata Sadala alikokuwa anafunga turubai la lori. Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikarudia, mwisho nikasema tu kwamba tundu la katikati sikukosea, nilikusudia. Alikuwa ameshika kamba. Aliendelea kuishika.

Akauliza kama nilijua lori ndilo linaloleta chakula. Nikasema sikujua, ila yeye aliniambia kuna watu, nami sikuuliza.

Alikaa kwenye ngazi ya lori. Nilimwambia nipo tayari kwa lolote, kwa mwenyekiti, kwa polisi, na kwamba sasa hivi naenda kumwambia Swaumu mwenyewe. Hapo akaniangalia kwa mara ya kwanza. Sauti yake haikupanda.

"Usimwambie. Ukimwambia utapumzika wewe. Yeye atarudi kula peke yake."

Tulikuwa tunawaona kutoka pale, Swaumu na mama, wamekaa kwenye mkeka mmoja wanapukuchua mahindi. Mama alikuwa anasema kitu, Swaumu anacheka kwa kufunika mdomo. Sadala akasema huo ndio mcheko wa kwanza. Kisha akaniambia nisimsogelee tena yeye, wala lori lake. Likiharibika atalipeleka Tanga. Akafunga kamba, akawasha injini, akaondoka.

Nilirudi kibandani. Chakula kilikuwa tayari. Mama alinitazama akajua nimetoka wapi, akainamisha kichwa. Swaumu alisimama, akachukua kata ya maji, akapiga magoti mbele yangu.

"Nawa, kaka," alisema.

Nikakinga mikono, akanimiminia.